Kutoka Chumvi hadi Ujuvi: Historia ya Neno la Kiingereza "Sass"

Mzazi wa Kimarekani anapomwambia mtoto wake "don't sass me", hamkatazi kutukana. Huenda mtoto huyo hakutamka tusi lolote, alichokisema kilikuwa kweli tupu, na hata sauti yake haikupanda. Kosa lake ni kwamba alijibu pale alipotakiwa kunyamaza, au alijibu kwa namna iliyoonyesha kwamba anajihesabu kuwa mtu mwenye haki ya kujibu. Mama wa pwani ya Afrika Mashariki, akiwa katika hali hiyohiyo, huuliza swali moja fupi, "Unanijibu?", na mtoto yeyote aliyelelewa Tanga, Mombasa au Unguja anafahamu kwamba swali hilo halitaki jibu. Kitenzi kisicho na ubaya wowote, ambacho mwalimu hukitumia darasani kila siku ili wanafunzi wafungue midomo, hugeuka ghafla kuwa jina la kosa.

"Sass" ni neno la mazungumzo, na katika maandishi rasmi halionekani sana. Hutumika kama nomino, kwa maana ya majibu ya kijuvi. Hutumika kama kitenzi, kwa maana ya kumjibu mtu kwa namna hiyo. Na lina kivumishi chake, "sassy", ambacho siku hizi kinasikika zaidi kuliko neno mama. Anayelitafutia tafsiri kwa Kiswahili atapata ujuvi, ufedhuli, usafihi, jeuri na utovu wa adabu, na kila moja kati ya hayo litakuwa sahihi kwa kiasi fulani. Hata hivyo, tafsiri hizo zote huacha jambo ambalo naamini ndilo kiini cha neno lenyewe: tusi hukaa ndani ya maneno yaliyosemwa, lakini "sass" hukaa katika ngazi iliyopo kati ya wanaozungumza. Meneja anayemfokea karani wake mbele ya wateja ataitwa mkali, mkorofi, pengine katili, lakini hakuna Mmarekani atakayesema kwamba meneja huyo ana "sass". Karani akimrudishia maneno yaleyale kwa sauti ileile, jina hilo linamshukia papo hapo. Ni kosa ambalo aliye juu hawezi kulitenda hata akitaka, na anayefuatilia historia ya neno hili katika muda wa karibu miaka 500 atakuwa anafuatilia nani alikaa juu ya nani.

Asili yake ya mbali ni chumvi. Kilatini kiliita chumvi "sal", na kitu kilichotiwa chumvi kikaitwa "salsus", au "salsa" kwa jinsia ya kike. Katika kinywa cha Wafaransa wa zamani "salsa" ikawa "sauce", na Waingereza wakalipokea neno hilo pamoja na mapishi yake katika karne ya 14. Ukoo huo ni mkubwa, na baadhi ya watoto wake wamekwisha kufika kwetu kwa mlango wa Kiingereza: sosi, soseji na saladi ni ndugu wa tumbo moja, wote wakitokana na chumvi hiyohiyo ya Warumi. Kilatini chenyewe kilikuwa tayari kimeanza kuvuta maana ya chumvi kutoka chunguni kuipeleka mdomoni, kwa kuwa mtu aliyekuwa na "sal" alikuwa mtu mwenye maneno makali ya kuchekesha.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye upishi, kwa sababu mchuzi wetu na "sauce" ya Waingereza havifanani, na anayevichanganya atakosa njia. Mchuzi wa Kiswahili ni sehemu ya mlo wenyewe, na wali mkavu bila mchuzi ni shida. "Sauce" ya meza ya Kiingereza ni kikolezo, kitu kidogo kinachoongezwa kando ili kuamsha ladha ya nyama iliyokwisha kupikwa. Kikiwa kiasi, hupendeza. Kikizidi, hukifunika chakula na kujifanya ndicho chakula. Ndiyo maana mtu mdogo aliyejitia mbele kuliko nafasi yake aliweza kufananishwa nacho. Kiswahili nacho kimeichukua chumvi kutoka jikoni na kuiingiza katika mazungumzo, lakini kimeipeleka kwingine kabisa, kwani kwetu anayetia chumvi katika maneno ni mwenye kukuza mambo, wala hana haja ya kuwa na utovu wa adabu.

Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 16 Waingereza walikuwa wakitumia kivumishi "saucy" kwa maana ya mtu mjuvi, na mwishoni mwa karne hiyo neno hilo lilikuwa limekwisha kuzoeleka mpaka likawa linapanda jukwaani kila mara. William Shakespeare alilitumia katika tamthilia nyingi, na anayeyapanga matumizi yake ataona kwamba karibu kila mara kuna mkubwa anayesema na mdogo anayesemwa. Tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri na kuichapisha kwa Kiswahili mwaka 1963, inaanza barabarani Roma, ambako ofisa aitwaye Marullus anamhoji fundi viatu kuhusu kazi yake. Fundi anamzungusha kwa mafumbo ya ushonaji, na hatimaye anamwambia kwamba, ikibidi, anaweza kumtengeneza hata yeye. Marullus anamaka na kumwita "saucy fellow". Katika Romeo and Juliet, mzee Capulet anamkataza Tybalt, mpwa wa mkewe, asianzishe ugomvi katika karamu; kijana anapong'ang'ania, mzee anamwita "saucy boy" mbele ya wageni. Na katika Twelfth Night, bibi mwenye nyumba, Olivia, anamwambia mjumbe aliyegoma kuondoka mlangoni kwamba amesikia alikuwa "saucy" huko langoni. Fundi kwa ofisa, mpwa kwa mjomba, mjumbe kwa bibi mkubwa: hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyetukana.

Neno lilivuka Bahari ya Atlantiki pamoja na walowezi, na huko likabadilika sauti. Katika matamshi ya watu wa mashambani, irabu ya "sauce" ilitamkwa kwa kinywa kilichopanuka zaidi, ikasogea karibu na a yetu. Katika majimbo ya kaskazini mashariki, yanayoitwa New England, wakulima walikuwa wakiita mboga za bustanini "garden sass", bila kumaanisha ubaya wowote kwa karoti wala kwa vitunguu. Baadaye kukatokea mgawanyo wa kazi ambao Kiingereza cha Marekani kimeufanya mara nyingi, pale ambapo tamko la shamba linapata tahajia yake na maana yake, nalo tamko la mjini linabaki na maana ya zamani. "Curse" ilibaki kuwa laana, na "cuss" ikawa matusi ya kila siku. Vivyo hivyo "sauce" ilibaki mezani, na "sass" ikahamia mdomoni. Maandishi ya Kimarekani yanayoonyesha "sassy" na "sass" kwa maana hiyo yanaanza kupatikana katika miaka ya 1830.

Miaka 40 hivi baadaye neno lilikuwa limezama katika lugha ya watoto. Mwandishi wa Kimarekani Mark Twain, katika sura ya kwanza ya The Adventures of Tom Sawyer, kitabu cha mwaka 1876, anawakutanisha wavulana wawili wasiojuana, na mmoja anamtishia mwenzake kwamba akiendelea kumpa "sass" atampiga jiwe la kichwa. Mtu anaweza kudhani kwamba mfano huu unaivunja hoja yangu ya ngazi, kwa kuwa hao ni watoto wa rika moja. Mimi nauona unaithibitisha. Mvulana anayetamka neno hilo anajaribu kujipandisha, kwa kujivika joho la mkubwa ambaye hapaswi kujibiwa, na ugomvi wote unaofuata ni wa kuamua nani kati yao atakuwa juu. Kitabu cha Twain kinachoendeleza hadithi hiyo, Adventures of Huckleberry Finn, kina tukio kali zaidi. Baba mlevi anarudi na kukuta mwanawe, Huck, amejifunza kusoma, jambo ambalo yeye mwenyewe na ukoo wake hawakuliweza. Anamwonya mtoto asimletee "lip", yaani mdomo, na kumshutumu kwamba anajiona bora kuliko baba yake.

Katika tukio hilo msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani. Sisi nasi husema mtu ana mdomo, au ana kidomodomo, na mfano wa Waingereza wa kuita ujuvi kwa jina la shavu, "cheek", hauko mbali na tunaposema mtu ana macho makavu. Kinachonigusa zaidi ni neno letu lenyewe la ujuvi, ambalo mzizi wake ni kujua. Mjuvi ni mtoto anayejua mambo ambayo wakubwa hawakumpangia ayajue, au anayeonyesha kwamba anayajua mapema kuliko inavyopasa. Fedhuli lilitoka Kiarabu, ambako asili yake ni mtu anayejiingiza katika yasiyomhusu, na safihi pia ni la Kiarabu, ambako maana yake ya kwanza ni mpumbavu. Kwa hiyo katika Kiswahili mtu huyohuyo mmoja anaweza kulaumiwa kwa kujua kupita kiasi, kwa kuingilia yasiyo yake, au kwa kukosa akili, kutegemea neno lililomjia kwanza aliyekasirika. Baba yake Huck angelielewa neno ujuvi bila kufafanuliwa.

Kuna maelezo mengine ya asili ya "sassy" ambayo yameenea sana, nayo yanastahili kuchunguzwa kwa heshima kwa sababu yanaigusa Afrika. Katika nchi za Afrika Magharibi, hususan Liberia, kuna mti mkubwa wa jenasi iitwayo Erythrophleum ambao Waingereza waliuita "sassywood" au "sassy bark". Gome lake lina sumu, na lilitumika katika kuwatambua wachawi: mshukiwa alinyweshwa maji ya gome hilo, akitapika akahesabiwa hana hatia, akifa ikasemekana kwamba hatia imethibitika. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu mti huo kwa jina la mwavi, na kiapo cha mwavi kilijulikana kutoka Tanzania ya kusini hadi Malawi na Zambia. Baadhi ya waandishi wa Marekani, hasa wanaochunguza maisha ya wanawake weusi, wamependekeza kwamba neno "sass" limetokana na mti huo, kwa hoja kwamba mwanamke mwenye ulimi mkali ndiye aliyeshtakiwa uchawi, na kwamba watumwa walibeba jina la gome wakalifanya jina la ulimi.

Maelezo hayo yanavutia, lakini naona tarehe zinayakataa. "Saucy" kwa maana ya mjuvi ilikuwa ikiandikwa Uingereza miongo kadhaa kabla ya mwaka 1562, ambapo baharia Mwingereza John Hawkins alianza safari yake ya kwanza ya kununua na kuteka watumwa katika pwani ya Afrika Magharibi. Zaidi ya hayo, tamko lenye a lilikuwapo vinywani mwa wakulima weupe wa New England waliokuwa wakizungumzia mboga. Njia kutoka "sauce" hadi "sass" inaonekana hatua kwa hatua, nayo haina pengo linalohitaji kuzibwa na mti. Hata hivyo, kosa la kihistoria linaweza kuzaliwa na hisia sahihi. Waliotaka kulirudisha neno hili Afrika waliona jambo la kweli: kwamba katika Marekani hakuna watu waliolipia neno hili kwa gharama kubwa kuliko watumwa na vizazi vyao.

Hilo ndilo eneo ambapo historia ya neno inaacha kuwa mchezo wa sauti na tahajia. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland na kutoroka mwaka 1838, aliandika katika tawasifu yake ya kwanza, ya mwaka 1845, kuhusu mnyapara aitwaye Gore ambaye aliweza kuligeuza tazamo dogo kabisa, neno au ishara ya mtumwa, likawa ufedhuli, na kuuadhibu papo hapo. Katika kitabu chake cha pili, cha mwaka 1855, aliirudia mada hiyo kwa utulivu wa mwanasheria. Anasimulia jinsi mwanamke aitwaye Nelly, mama wa watoto, alivyopigana na mnyapara aliyekuwa akimburuta ili amfunge mtini na kumchapa, na anaeleza kwamba shtaka lake lilikuwa ufedhuli, mojawapo ya makosa yaliyokuwa ya kawaida zaidi na wakati huohuo yasiyo na mipaka zaidi. Douglass anaorodhesha mahali ambapo kosa hilo liliweza kuonekana: katika sauti ya jibu, katika kujibu kwenyewe, katika kutojibu, katika sura ya uso, katika mwendo wa kichwa, katika hatua za miguu. Neno alilolitumia ni "impudence", la kitabuni, lakini maana yake ni ileile ambayo katika mazungumzo ya mashambani iliitwa "sass". Sijasoma mahali pengine ufafanuzi wa neno hili uliokamilika kuliko orodha hiyo. Mtumwa akijibu amekosa, asipojibu amekosa, kwa kuwa kinachoadhibiwa ni ule mtazamo wa aliye juu kwamba mtu aliye mbele yake amesahau kuwa yuko chini.

Mahali pengine kosa hilo liliandikwa moja kwa moja katika sheria. Mwaka 1806 baraza la kutunga sheria la eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa jimbo la Louisiana liliamuru kwamba watu weusi walio huru, yaani wasiokuwa watumwa wa mtu yeyote, wasijidhanie kuwa sawa na weupe, wawapishe kila wakati, na wasiseme nao wala kuwajibu ila kwa heshima, na atakayekiuka afungwe gerezani. Msomaji aangalie kitenzi kilichotumika hapo. Kujibu kumewekewa sharti na serikali, na sharti lenyewe halipimiki.

Pamoja na hayo yote, walijibu. Harriet Jacobs, mtumwa wa Edenton katika North Carolina, ambaye alichapisha maisha yake mwaka 1861 kwa jina la kubuni la Linda Brent, anasimulia mazungumzo yake na bwana aliyekuwa akimwandama kwa tamaa. Bwana anamuuliza kama anafahamu kwamba ana haki ya kumfanya apendavyo, hata kumuua. Jacobs anamjibu kwamba amekwisha jaribu kumuua, na angetamani angefaulu, lakini haki ya kumfanya apendavyo hana. Bwana anampigia kelele anyamaze. Kwa kipimo cha nyumba ile, hiyo ilikuwa "sass" ya daraja la juu kabisa. Kwa kipimo chochote cha haki, ni sentensi ya kweli iliyotamkwa na binti asiye na silaha nyingine.

Uhusiano huu kati ya kujibu na hatari unaeleza kwa nini wazazi weusi wa Marekani, hata baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, waliwakaripia watoto wao kwa neno lilelile la mabwana. Walikuwa wanawafundisha kubaki hai. Mwandishi Zora Neale Hurston, aliyekulia Eatonville, mji wa watu weusi katika Florida, alisimulia katika tawasifu yake ya mwaka 1942 kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akikaa juu ya nguzo ya lango na kuwasalimia wazungu waliopita, akiwatazama usoni, na bibi yake, aliyezaliwa utumwani, alikuwa akimfokea kwamba siku moja watamuua kwa ajili ya hilo. Baba yake naye aliona kwamba mtoto mweusi mwenye roho ya juu hatafika mbali. Mama yake alikubali kwamba binti ni mjuvi na hupenda kujibu, lakini alikataa asivunjwe roho, akihofia kwamba akikua atakuwa kama mwanasesere wa vitambaa asiyeweza kutoa neno. Katika nyumba hiyo moja kulikuwa na tafsiri zote mbili za neno, moja ikisema kwamba ulimi utamwangamiza mtoto, nyingine ikisema kwamba bila ulimi huo hakutakuwa na mtoto wa kuokoa. Nawaheshimu wote wawili, bibi na mama, na sioni namna ya kuamua kati yao kwa mtu ambaye hakuishi Florida ya wakati ule.

Katika karne ya 20 kivumishi "sassy" kilianza kupanda cheo. Mwimbaji wa jazi Sarah Vaughan, aliyezaliwa Newark mwaka 1924, aliitwa "Sassy" katika maisha yake yote ya muziki, na jina hilo lilikuwa la mapenzi. Mwaka 1988 likaanzishwa jarida la wasichana lililoitwa hivyohivyo, Sassy, na ambalo lilizungumza na wasomaji wake waziwazi kuliko majarida ya rika hilo yalivyozoea. Leo neno hilo hupambwa kwa mitindo ya nywele, viatu na kadi za siku ya kuzaliwa. Katika maana hii ya sifa, Kiswahili kina maneno yanayokaribia, kama nyodo, madaha na maringo, na tuna desturi nzima ya vijembe na mipasho, pamoja na kanga ambayo maandishi yake husema kile ambacho mvaaji hakukitamka. Tofauti ni kwamba kanga humwezesha mwanamke kujibu huku mdomo umefungwa, ambapo "sass" ya Kimarekani haiwezi kujificha, maana uhodari wake wote uko katika kusemwa uso kwa uso.

Kupanda huko kwa cheo hakukuwagusa wote sawasawa. Mchezo wa redio Amos 'n' Andy, ulioanza mwaka 1928 na kufika katika televisheni kati ya 1951 na 1953, ulikuwa na mke aitwaye Sapphire, mwenye kumsimanga mumewe bila kupumzika, na jina lake likawa jina la mfano mzima wa kubuni: mwanamke mweusi mwenye ulimi, mikono kiunoni, asiyejua upole. Tangu hapo, msichana mweupe akiitwa "sassy" amesifiwa kwa uchangamfu, lakini mwanamke mweusi akiitwa hivyo mara nyingi amepewa nafasi katika mchezo ulioandikwa na wengine, na lolote atakalolisema, hata liwe malalamiko ya haki kabisa kazini kwake, litasikika kama sehemu ya mchezo huo. Nadhani sifa ya namna hii ni mbaya kuliko lawama, kwa kuwa anayelaumiwa angalau amesikilizwa.

Shuleni jambo hilo limefika mpaka kwenye sheria. Jimbo la California lilikuwa na kifungu kilichoruhusu mwanafunzi kusimamishwa masomo kwa sababu ya ukaidi wa makusudi, kosa ambalo, kama lile la Nelly, hukaa katika jicho la anayelitazama. Mtoto aliyevunja dirisha ameacha vioo sakafuni. Mtoto anayeshtakiwa kwa kumkaidi mwalimu hakuacha chochote ila kumbukumbu ya sauti yake. Malalamiko kwamba watoto weusi ndio wanaoandamwa zaidi na kifungu hicho yalisababisha sheria ya mwaka 2014 iliyokiondoa kwa madarasa ya chini kabisa, kisha sheria ya 2019 iliyoongeza madarasa, na ya 2023 iliyofika hadi sekondari. Hakuna mwalimu anayependa kudharauliwa mbele ya darasa, nami nimeketi mbele ya darasa nikaonja uchungu wake. Hata hivyo, kosa ambalo ushahidi wake pekee ni maumivu ya mwenye mamlaka halifai kumtoa mtoto shuleni.

Kwa mfasiri, basi, swali la kwanza mbele ya neno hili ni nani anayelisema na amesimama wapi. Bibi yake Hurston akimkaripia mjukuu aliye juu ya nguzo, ningeandika ujuvi, kwa kuwa neno hilo lina hasira yenye huruma ndani yake, na kila bibi wa Kiswahili amewahi kulitumia kwa mjukuu anayempenda. Mnyapara wa Maryland angepewa ufedhuli, neno lenye uzito wa shtaka. Baba yake Huck angesema mdomo, na ingetosha. Kwa jarida la wasichana ningefikiria nyodo, ingawa nyodo zina dharau kidogo ambayo jarida lile halikuikusudia. Kwa upande wa Sarah Vaughan ningeliacha jina kama lilivyo, bila kuligusa, kwa kuwa alilipata kwa wanamuziki wenzake, watu waliopanda naye jukwaa moja.